Watu wa Magunzi

Tangazo rasmi. Wakazi wote wa Eldoret na vitongoji vyake, wakiwemo wale wa Moiben waliokuja mjini kutafuta mbolea na bado wanazunguka tangu asubuhi wakitafuta pa kuegesha trekta, mnaombwa kusimama wima, kofia mkononi, chingamu mfukoni. Mji huu umepata shujaa mpya. Hajakimbia popote. Hana medali, hajawahi kupokelewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, na barabara ya kwenda kwao haijawahi kuwekwa lami kwa heshima yake wala kwa sababu nyingine yoyote. Mara ya mwisho kuonekana akikimbia ni pale bata mzinga wa jirani alipomkosea adabu, na hata hapo alimaliza wa pili.

Jina lake ni Maximilla Nanzala. Umri wake ni miaka arobaini na kitu, na hicho kitu hataki kukitaja. Ni mrefu, mkimya, na akiingia kwa nyumba ya watu huwa anatafuta kiti kilicho karibu na mlango, kama mtu aliyeambiwa mkutano unaweza kuvunjwa na polisi.

Alitoka upande wa Kimilili akiyafuata mahindi. Msimu wa mavuno ukifika, mashine ya kupukuchua hufungwa nyuma ya trekta ikazungushwa shamba hadi shamba, na nyuma ya mashine kuna kikosi cha akina mama wanaojaza magunia huku vumbi likiwapaka poda ambayo hawakuiomba. Nanzala yuko katika kikosi hicho. Msimu ukiisha, anarudi mjini kuosha mikebe mikubwa ya maziwa kwa duka moja ambalo mwenye nalo anasema maziwa yake hayana maji, na hakuna aliyemuuliza.

Mashine ile inameza hindi zima, inatema punje upande huu na gunzi upande ule. Punje ni watu wakubwa. Zinapimwa, zinalindwa, hata bungeni zinajadiliwa. Gunzi halijadiliwi na yeyote. Linatupwa kwenye chungu nyuma ya mashine, na anayetaka anabeba bure, kwa maana huku kwetu gunzi lina kazi moja tu duniani, nayo ni kuwasha moto. Na usiidharau kazi hiyo. Ukija Eldoret mwezi wa Julai, mvua inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa, kuni zimelowa, makaa ni bei ya dhahabu, na baridi inaingia hadi kwa meno. Mtu akikuletea gunia la magunzi makavu wakati huo, unamtaja kwenye maombi yako kwa jina lake la ubatizo.

Nanzala alikuwa anabeba magunzi kama wenzake. Tofauti ni kwamba ya kwake hayakuwa yanafika jikoni.

Alikuwa akifika chumbani anafunga mlango, anavuta pazia, anatoa kisu kidogo na waya, na kuanza kutengeneza watu. Gunzi likikauka lina mti mgumu ambao ukiujulia unachongeka. Anachonga pua, anatoboa macho kwa waya moto, anabandika ndevu za mahindi kichwani kama nywele. Ndevu zenyewe anazichagua kwa rangi: zilizokauka sana ni za watu wa kawaida, zile changa za dhahabu ni za wasichana waliotoka saluni. Maganda anayaloweka, anayakunja na kuyashona kwa uzi wa magunia, yanakuwa gauni, koti, hata kofia. Mtu akiisha kukamilika ana urefu wa kiganja na vidole vyake.

Na si mtu hivi hivi tu. Ni mtu fulani. Kuna kijana mmoja wa kupakia magunia ambaye trekta likisimama tu analala, akiwa wima, shavu kwenye mpini wa sepetu. Nanzala alimtengeneza. Ukimwona yule wa gunzi unataka kumwamsha. Hashughulikii sana sura. Anakamata jinsi mtu anavyosimama, anavyoshika kiuno, anavyoinamisha shingo akidanganya. Kazi hiyo ameifanya tangu utotoni, hakufundishwa na mtu, na kwa miaka mingi hakumwonyesha mtu.

Hapo utauliza kwa nini, na jibu liko mtaa wa Langas, ambako aliishi kabla ya kuja upande wetu.

Siku moja mama mwenye ploti aliingia chumbani kwa Nanzala wakati yeye yuko kazini. Alisema alikuwa anaangalia kama paa linavuja. Paa halikuwa linavuja. Juu ya kabati, wamepangwa kwa mstari, walikuwa wapangaji wote wa ile ploti kwa gunzi, na mbele yao mama mwenye ploti mwenyewe, kifua mbele, kiganja wazi, kama anavyosimama kila mwisho wa mwezi. Alifanana mno. Laiti asingefanana, mambo yangeisha kwa kicheko. Mama alitoka nje akipiga nduru, na kabla ya jioni kesi ilikuwa imesikizwa na kuamuliwa bila mshtakiwa: mwanamke mzima, hana mtoto wa kuchezea, lakini ana wanasesere, wana nywele, na ni sisi.

Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyemtukana. Waliacha tu kumwomba chumvi. Ukiishi kwenye ploti utanielewa. Watu wakiwa na shida na wewe wanakusengenya, hiyo ni kawaida, ni sehemu ya kodi. Lakini wakiacha kubisha mlango wako na kikombe mkononi, wakipita mbele yako na watoto wamefichwa upande wa pili wa leso, hapo huwezi kukaa. Nanzala aliwaweka watu wake kwa gunia, akahama.

Alikuja upande wa Chepkoilel, kwenye hizi ploti zetu zilizozunguka chuo kikuu kama kupe, ambapo nusu ya wapangaji ni wanafunzi na nusu nyingine ni watu wanaowalalamikia wanafunzi. Hakuwa hata amefungua mizigo yote wakati mlango ulibishwa.

“Wewe ni Mkatoliki?” Alikuwa mama mnene mwenye gambuti miguuni na kitambaa kichwani, fundo lake limekaa juu ya sikio la kushoto.

“Ndiyo, Mama.”

“Nilijua. Una uso wa kufunga Kwaresima. Mimi ni Mama Esther, ng'ombe wawili unaosikia wakilia asubuhi ni wangu. Jumapili baada ya misa jumuiya iko kwangu. Kuja. Usikuje na sababu.”

Hivyo ndivyo Nanzala alivyopata marafiki, kama mtu anavyopata mafua. Ibada ya jumuiya huwa ina watu wengi, lakini wanaobaki nyuma kunywa chai ya pili kwa Mama Esther ni wachache: Mama Esther mwenyewe, Adero ambaye ni fundi wa nguo na ana cherehani kwa veranda ya duka pale steji, na Brenda, msichana wa kutengeneza simu, ambaye huja kwa jumuiya kwa sababu ya maandazi na anasema hivyo waziwazi. Nanzala akawa wa nne. Kabla ya wiki kuisha Adero alikuwa ameshabisha mlango wake na kikombe. “Nisaidie chumvi, mama, nimewacha samaki kwa sufuria.” Nanzala alimpa chumvi ya kutosha kukaushia ng'ombe.

Na mkono wake ukaanza. Mkono wa mtu kama huyo hauna haya. Haukuchukua muda, chumbani mwake, ndani ya gunia, wakawa wanaishi Mama Esther mdogo na ndoo ya maziwa, mumewe Mzee Kipyego, Adero, Brenda, na Katekista Sifuna, yule anayeongoza sala za jumuiya, kidole kikiwa juu kama anavyokiinua akifika kwa neno “ndugu zangu”.

Sasa hapa ndipo taabu ilipokuwa. Ukiwa peke yako, kutunza siri ni rahisi, unaitunza tu kama nguo ya zamani. Lakini ukipata watu unaowapenda, wanaocheka ukichelewa kucheka, wanaokupigia simu kukuuliza kama umekula, ile siri inaanza kukuwasha. Nanzala alitaka waone. Alitaka sana. Kila Jumapili alikuwa anawaza: nikiwaonyesha, wataniona vizuri zaidi, ama watakuwa Langas. Hakuna la katikati. Na wao ndio watu pekee mjini waliokuwa wakimwomba chumvi.

Mara moja alibeba gunia hadi katikati ya njia, akarudi. Mara nyingine alifika hadi getini kwa Mama Esther, akakutana na Adero.

“Umebeba nini?”

“Nguo. Napeleka kwa fundi.”

“Fundi gani?”

Fundi wa nguo alikuwa amesimama mbele yake na futi ya kupimia shingoni.

“Wewe,” Nanzala alisema.

Kesho yake ilimbidi achane petikoti nzima ili apate cha kushonwa.

Basi ikafika Jumapili moja ya Julai, ile mvua ya manyunyu ambayo haina haraka. Nanzala aliamua. Alimfunga kila mtu wake vizuri ndani ya maganda makavu, akamfunga uzi juu ya kichwa ili pua isivunjike njiani, akawapanga kwa gunia. Njia nzima alikuwa akirudia sentensi moja kwa sauti ndogo: “Nimewaletea kitu kidogo nimetengeneza.” Wanafunzi wawili waliompita walidhani anasali, wakamheshimu.

Alifika mlangoni. Akafungua mdomo. Mama Esther aliona gunia kwanza, na kwenye mdomo wa gunia maganda makavu.

“Weh! Magunzi! Nanzala, wewe ni mtoto wa nani? Na makavu!”

“Nime…”

“Na mimi tangu asubuhi nalilia hizi kuni, zinatoa maji kama zimefiwa! Leta hapa. Hawa wengine wanakuja mikono mitupu wakiimba tu.” Alilitwaa gunia kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. “Leo hatukai sebuleni, sebuleni ni friji. Tuko wote jikoni. Kuja.”

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Amekushukuru. Amekushukuru mbele ya watu, mwanamke mwenye ng'ombe wawili. Amefurahi na amekuita mtoto wa watu. Ni nani mwenye ujasiri wa kusema, samahani Mama, hayo si magunzi, hayo ni mambo yangu ya rohoni? Nanzala alilifuata gunia lake jikoni, kama mtu anayefuata jeneza la ndugu asiyejulikana kama amekufa kweli.

Jiko la Mama Esther liko nje, la mbao, jeusi kwa moshi kutoka ukutani hadi paani. Ibada ilikuwa fupi kwa sababu Katekista Sifuna alikuwa ameenda Plateau kumwona mgonjwa hospitalini, na bila yeye hakuna anayejua jinsi ya kurefusha sala. Walikuwa wamebaki wanne. Adero na Brenda walikuwa wamekaa kwa stuli, mikono kwapani. Nanzala alielekezwa kwa kigoda kilichokuwa karibu na mafiga, pale pa joto, pahali pa mgeni aliyeleta kitu.

Mama Esther aliwasha karatasi. Alikuwa akisimulia habari za ng'ombe wake mmoja aliyekataa kukamuliwa tangu daktari wa mifugo amguse vibaya, na wakati mdomo ulikuwa na ng'ombe, mkono uliingia kwa gunia peke yake, ukatoa mmoja na kumtupa motoni.

Alikuwa Katekista Sifuna.

Alishika moto mara moja, kwa ari ambayo hajawahi kuionyesha katika mahubiri. Maganda yaliruka, na kwa sekunde moja Nanzala aliona kidole kimeinuliwa katikati ya ndimi za moto, ndugu zangu, halafu kikaanguka.

“Ona vile linawaka!” Adero alisema. “Hayo ni magunzi ya Moiben. Ya huku hayawaki hivyo.”

Kusema “acha” ilikuwa ni kusema kwa nini. Na kusema kwa nini ilikuwa ni kumwambia mwanamke, ndani ya jiko lake, kwamba nimekuchonga wewe na mume wako na marafiki zako, mna nywele, na mko kwa gunia. Hata maneno yale ya Langas yalikuwa na upole zaidi.

Wa pili alitoka. Huyu aligoma kuwaka. Mama Esther alipuliza, akamsukuma kwa kijiti, akapuliza tena hadi machozi yakamtoka.

“Hili gunzi ni kaidi jameni. Limelala tu hapo.”

“Geuza upande ule mwingine,” Adero alisema, “chokoa hapo chini.”

Alikuwa Mzee Kipyego. Nanzala alikuwa amemchagulia gunzi la mahindi yale makubwa, kwa kuwa mzee mwenyewe ni mpana wa mabega. Sasa alimtazama akifuka moshi kwa mguu mmoja, na mikono yake mwenyewe ikajifunga kwenye magoti.

“Ongeza ingine,” Brenda alisema, akaegemea mbele, akachomoa mmoja kutoka kwa gunia na kumpitisha kwa Mama Esther bila kuangalia, kwa sababu jicho lake lilikuwa kwa simu. Uzi ulikuwa umelegea, na ndani ya maganda Nanzala aliona ndoo. Mama Esther alimpokea, akamwinua juu ya moto.

“Mama,” Nanzala alisema. “Huyo ni wewe.”

Mkono ulisimama.

“Nani ni mimi?”

“Huyo umeshika. Usijichome.”

Mama Esther alishusha mkono pole pole. Alivua maganda kama mtu anayemenya hindi la kuchemsha, na hapo kwenye kiganja chake alisimama mwanamke mnene, mdogo, mgongo umejaa, kidevu mbele, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika ndoo. Kitambaa kichwani. Fundo juu ya sikio la kushoto.

“Yawa,” Adero alisema kwa sauti ya chini. “Ni yeye. Hadi hiyo kidevu.”

“Aki,” Brenda alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo aliweka simu chini.

Mama Esther alimgeuza yule mdogo, akamwangalia mgongoni, akamwangalia tena usoni. Brenda ndiye aliyefikiria kwa haraka, ni vijana.

“Anti, na wale wameshaingia kwa moto ni akina nani?”

“Wa kwanza ni Katekista.”

Moto ulitoa mlio mdogo. Adero alifanya ishara ya msalaba, lakini nusu tu, kama mtu anayeacha nafasi ya kubadilisha mawazo.

“Na wa pili?”

“Ni Mzee.”

Wakati huo huo mlango ulisukumwa na Mzee Kipyego akaingia kutoka zizini, akijipepea kwa kofia.

“Mama, mbona kuna joto hivi leo? Mimi nachomeka.”

Nanzala aliangalia mlango. Aliupima. Mzee alikuwa ameuziba wote na mabega yale. Adero alikamilisha ishara ya msalaba. Mama Esther alimwangalia mume wake, kuanzia gambuti kupanda hadi kichwani, halafu akamwangalia yule mume mwingine aliyelala kwenye mafiga akifuka moshi, halafu akarudi kwa huyu wa kwanza.

“Mzee,” alisema. “Umevaa sweta ngapi?”

“Tatu.”

“Na koti?”

“Na koti. Kwani nisivae?”

Hapo Mama Esther alicheka. Waliokuwa ndani wanasema alicheka hadi akaketi chini kwa magunia, na Brenda anasema bati zilitingika, lakini Brenda hutia chumvi. “Hata ukichomwa hushiki moto!” alikuwa akisema. “Miaka yote nimeolewa nakwambia wewe ni kaidi! Mtoeni huyo, mtoeni upesi!” Adero alimchomoa Mzee kwa koleo na kumtia kwa ndoo ya maji. Alitoa sauti, tsss, akaelea.

Lakini Adero ni mtu wa kuuliza. Alisimama na koleo mkononi na kuuliza lile swali ambalo Nanzala alikuwa amelikimbia kutoka Langas hadi hapo.

“Dada, nataka nikuulize na usikasirike. Hii ni dawa ama ni nini?”

Nanzala akawaeleza. Hajawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mfululizo, kabla wala baadaye. Aliwaambia juu ya mashine, chungu cha magunzi, pazia, mama mwenye ploti, na chumvi. Aliwaambia alikuwa amewabeba kuja kuwaonyesha, na kwamba wakitaka ahame atahama, lakini angeomba aachiwe wale waliobaki.

Mama Esther alipangusa macho kwa leso. “Adero, wewe fikiria. Mchawi gani anabeba uchawi wake kwa gunia, anakuletea mlangoni, unauchoma mbele yake na yeye amekaa tu hapo akikuangalia? Kama huyu ni mchawi basi ni mjinga kuliko wote, na mimi mchawi mjinga simwogopi.”

Hoja hiyo haijawahi kufundishwa pale chuoni, lakini ilimaliza kesi. Wakalimwaga gunia sakafuni.

Adero alijipata, akajishika kiuno, akamwangalia wa gunzi kiuno, akasema ameibiwa nyama. “Hapa nyuma umeniweka mgonjwa. Utaongeza.” Brenda alimwinua Brenda, msichana wa nywele za dhahabu aliyeinama shingo kama kuku anayekunywa maji, kiganja mbele ya uso. “Mimi sikai hivi,” alisema, ameinama hivyo hivyo, akimpiga picha. Alitaka kuituma kila mahali saa hiyo. Nanzala alisema hapana. Brenda akaweka simu mfukoni, jambo ambalo mama yake mzazi hajawahi kulifanikisha.

Mzee Kipyego alikuwa amejitoa mwenyewe kwa ndoo. Alikuwa amemshika kwa vidole viwili, akidondosha maji.

“Mbona sina mguu?”

“Umeungua, Mzee,” Nanzala alisema. “Pole.”

“Na nilikuwa nafanya nini?”

“Umesimama kwa geti. Unaangalia barabara.”

Mtoto wa mwisho wa Mzee na Mama Esther, Collins, alienda Qatar kufanya kazi, na kila jioni baada ya kukamua, mzee huenda getini akasema anaangalia kama mtu wa maziwa amepita. Mtu wa maziwa hupita asubuhi. Sisi wote tunaoishi hapa tumempita akiwa amesimama pale, tukamwambia “habari ya jioni, Mzee,” tukaenda zetu.

“Nilidhani hakuna mtu huona,” Mzee alisema. Halafu akatoka nje, akarudi na ubao aliokuwa ameung'oa kwenye ua wa zizi, akaupasua kwa goti. “Chemsheni chai na hii. Hawa wengine msiguse.”

Chai ilichelewa sana siku hiyo. Ilinuka rangi ya ule ubao.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Watu wa magunzi wako sebuleni kwa Mama Esther, juu ya kabati, kwenye vile vitambaa vya kushona ambavyo kabla yao vilikuwa vimebeba televisheni peke yake. Televisheni imehamishwa. Mzee wa mguu mmoja amekataa kutengenezwa upya, anasema huyo ndiye yeye. Katekista alipoambiwa kwamba ameteketea hadi kidole, alikaa akifikiri, kisha akauliza kama alianza yeye au Mzee, na aliposikia ni yeye alionekana kuridhika. Akina mama wa jumuiya nyingine wamekuja kuangalia, wengine kutoka Moiben, na kila mmoja huingia akisema anataka tu kusalimia, kisha husimama mbele ya kabati akijitafuta. Na msimu wa mavuno uliopita, kikosi kizima cha mashine kilikuwa kikichagua magunzi na kumwekea pembeni: hili lina pua, hili lina kitambi, chukua hili, ni chifu mtupu.

Mimi nacheka watu, ndiyo kazi yangu, na mji huu hunipa kazi ya kutosha. Nimewaona watu wakipanda jukwaani na kipaza sauti kusoma mambo yao mbele ya umati uliokwisha kulipwa kwa soda upige makofi. Wengine wamezindua kitabu ambacho hata mke hakukifungua. Hao huitwa majasiri na picha zao hupigwa. Lakini kukaa pale kwenye kigoda, maneno ya Langas bado yako kooni, ukitazamana na watu watatu ambao bila wao unarudi kuwa mtu ambaye hakuna anayembishia mlango, na kufungua mdomo hata hivyo? Hilo sijaliona mara nyingi. Nasema bila mzaha, na wanaonijua wanajua inavyoniuma kusema kitu bila mzaha.

Kwa hiyo nilikwenda kumwona, kwa niaba ya historia. Nilimkuta uani akiosha mikebe ya maziwa, mikono povu hadi kwenye viwiko. Nilimweleza hayo yote. Nilitaja moyo wa binadamu, nikataja vizazi vijavyo, nikamwomba anieleze, kwa faida ya wote wanaoficha vitu vyao vizuri nyuma ya pazia, ujasiri ule wa siku ile aliutoa wapi hasa.

Nanzala alimimina maji machafu, akaangalia ndani ya mkebe.

“Watu wangu walikuwa wanaisha,” alisema.